Saladi na Chakula Baridi kwa Jamaa Yote



Siku moja nilikuwa nikikata nyanya na vitunguu juu ya meza ya mafundisho, ili niwaonyeshe wamama namna ya kutengeneza saladi. Mama mmoja akacheka sana. Akasema: «Madamu, ile ni chakula ya wazungu. Sisi tunakulaka chakula yenye kutoka ku moto. Majani mubichi ni ya mbuzi.» Wengi wakacheka pamoja naye, na mimi pia nikacheka, maana alisema vizuri. Lakini mama mwingine, aliyekuwa na mtoto mgongoni, hakucheka. Akasema polepole: «Mie naogopaka. Kipindupindu ilipitaka mu nyumba yetu. Tangu ile siku nilikatala kupatia mtoto kitu mubichi.»

Ni maneno ya mama huyu wa pili yaliyonifanya niandike karatasi hii. Hofu yake ina sababu. Kipindupindu kilifika upande huu wa mashariki ya nchi yetu mwaka 1978, na tangu hapo hakijatoka kabisa. Kinarudi mara kwa mara katika miji na vijiji vya kando ya maziwa. Mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kule Goma kwa majuma machache tu. Mtu aliyeona jambo hilo hawezi kucheka akisikia habari ya mboga mbichi.

Lakini kuna upande mwingine. Nimeingia nyumba ambamo avoka zilikuwa zinaanguka chini ya mti na nguruwe wanazila, na mtoto wa nyumba ile alikuwa na miguu imevimba, nywele zake zimegeuka rangi. Siku zote alipewa bugali ya mihogo na mchuzi kidogo. Sisemi avoka peke yake ingemponya. Mtoto wa namna hiyo apelekwe sentri ya afya siku ile ile. Nasema tu kwamba chakula kizuri kilikuwa karibu naye, na hakuna aliyefikiri kumpa.

Kwa hiyo tutafundishana mambo mawili pamoja: namna ya kufanya saladi iwe salama, na namna ya kuifanya iwe tamu. Haifai kutenganisha. Saladi salama isiyo na ladha itabaki katika sahani, na saladi tamu yenye mikrobe itawalaza wote.

Saladi si majani tu

Katika soko letu, ukisema saladi, muuzaji anakupa yale majani mapana ya kijani. Majani hayo ni mazuri, yanapendeza macho, lakini karibu yote ni maji. Ukimpa mtoto mdogo sahani ya majani hayo, tumbo linajaa na mwili haukupata nguvu. Kama pesa ni kidogo, hayo ndiyo ya kununua mwisho.

Mimi ninaita saladi, au chakula baridi, kila chakula tunachokula bila kukipasha moto: maharagi yaliyopikwa na kupozwa, viazi, mayai, beteravi, samaki waliokaangwa, pamoja na vitu vibichi kama nyanya, karoti, avoka na matunda. Tena ninyi wenyewe mnakula hivyo tangu zamani. Nani hapa hajakula avoka na chumvi kando ya bugali? Ile ni saladi. Wazungu hawakutufundisha. Na ndugu zetu wa pwani, kule Mombasa na Zanzibar, wana kachumbari yao ya nyanya na vitunguu, wanakula na wali.

Sombe haingii katika habari hii. Majani ya mihogo mabichi yana sumu, na ni lazima kuyatwanga vizuri na kuyapika muda mrefu. Lengalenga pia tunalipika. Majani ya mateke yakiliwa mabichi yanawasha mdomo na koo. Na kiazi cha kizungu kilichogeuka kijani au kuota, msikitie katika saladi wala katika sufuria.

Kazi ya moto, nani ataifanya?

Mama akipika maharagi, hata kama alisahau kunawa mikono, hata kama maji yalikuwa machafu, moto unasahihisha makosa yake. Mikrobe zinakufa katika maji yanayotokota. Lakini saladi haipiti motoni baada ya kukatwa. Kosa lolote la mikono, la kisu, la maji, linabaki ndani na linafika mezani pamoja na chakula.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya wauguzi, tulifanya karamu ya wanafunzi waliomaliza masomo. Mimi ndiye niliyesimamia saladi. Tuliosha shu na nyanya mara tatu, tena tulitia dawa katika maji ya pili. Nilijivuna sana. Kesho yake wanafunzi wengi walikuwa wakienda choo mbio, na mimi nao. Tulipochunguza, tukaona kwamba maji ya mwisho, yale ya kusuuzia, yalitoka katika bidoni iliyojazwa mtoni asubuhi ile. Hakuna aliyeyachemsha. Tulisafisha mboga vizuri, kisha tukairudishia uchafu. Tangu siku ile, nikiingia jikoni mwa mtu siulizi kwanza mboga ilioshwa mara ngapi. Nauliza: maji ya mwisho yalitoka wapi?

Maji ya mwisho ni lazima yawe maji mtu anayoweza kunywa. Kuyachemsha si kazi kubwa kama tulivyofundishwa zamani. Walituambia dakika 20, na wamama wakamaliza makala yao wakachoka. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, yaacheni yatokote dakika moja hata tatu, halafu yafunikeni yapoe katika chombo kile kile. Inatosha. Bukavu yetu iko juu, karibu metre 1500, na maji yetu yanatokota kabla ya kufika joto la digrii 100, kama kwa 95. Ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva hapa kuliko Uvira. Lakini joto hilo linatosha kabisa kuua mikrobe za kipindupindu na za amiba.

Sasa tuangalie namna ya kuosha. Kwanza mikono, kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mtu mmoja amwage kwa kikombe kama hakuna robine. Kisha kisu na ubao. Ubao uliokatiwa nyama asubuhi usikatiwe nyanya mchana mpaka umesuguliwa kwa sabuni. Mboga ziondolewe udongo kwanza, maana dawa yoyote ikikuta udongo inapoteza nguvu. Majani ya saladi yaachanishwe moja moja. Kamwe usitumbukize kichwa kizima ndani ya beseni na kukitoa, mikrobe na mayai ya minyoo hukaa kule chini, katika mikunjo. Sugueni kila jani kwa vidole. Karoti ziparuzwe. Nyanya zisuguliwe mojamoja, kwa sababu tena wakulima wanazipulizia dawa ya shamba na mara nyingine mnaona unga mweupe juu ya ngozi.

Baada ya kuosha, wale walio na Javel waloweshe mboga. Lakini angalieni, chupa za Javel si sawa. Tafuteni namba ya asilimia juu ya karatasi ya chupa. Kama imeandikwa 5%, tia kijiko kimoja cha chai katika litre 5 za maji, loweka dakika 15, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Kama chupa haina namba, au ni ile Javel yenye manukato na sabuni ya kufulia nguo, msitie katika chakula. Njooni muulize kwanza sentri.

Wasio na Javel wana njia nyingine, na mimi naipenda zaidi: maji ya moto. Katakata shu nyembamba, weka katika kichujio au kikapu safi, mwagia maji yanayotokota au uichovye ndani ya sufuria kwa dakika mbili, halafu itoe na uiache ipoe. Shu inabaki na mlio wake mdomoni, ila harufu yake kali inapungua. Karoti vilevile. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ninashauri njia hii kwa mboga zote isipokuwa zile zinazomenywa.

Zile zinazomenywa ndizo rafiki wa mama asiye na makala wala Javel: avoka, ndizi, nanasi, chungwa, papai, tango. Mungu alizifunga mwenyewe ndani ya ngozi. Osha ngozi kabla ya kukata, ili kisu kisiingize uchafu ndani, menya, ule mara moja. Msinunue vipande vilivyokatwa tayari na kuwekwa njiani, mahali nzi wanapotembea, hata kama mtoto analia.

Ndimu inasaidia, lakini haitoshi

Wamama wengi wananiuliza kama ndimu inaua mikrobe. Jibu ni ndiyo na hapana. Mikrobe ya kipindupindu inaogopa uchachu. Katika nchi ya Guinea-Bissau, miaka ya 1990, wachunguzi waliona kwamba katika wakati wa kipindupindu, watu waliotia maji ya ndimu katika chakula chao walipata ugonjwa kidogo kuliko wasiotia. Ni jambo zuri, tena ndimu ni rahisi kupata kwetu. Lakini amiba na mayai ya minyoo hayajali ndimu, na Javel pia haiyaui vizuri. Hayo yanaondolewa kwa kusugua, kumenya, na maji ya moto. Na samaki mbichi aliyetiwa ndimu hajaiva, hata akigeuka mweupe.

Kununua kwa majira

Mama mwenye akili hapangi saladi nyumbani kisha kwenda soko. Anakwenda soko kwanza, anaangalia ni kitu gani kimejaa, ndipo anapanga. Kitu kilichojaa ndicho cha bei ndogo, na kimevunwa karibuni, kwa hiyo kina ladha.

Maharagi mapya yanakuja mara mbili kwa mwaka, karibu na Januari na tena karibu na Juni. Maharagi mapya yanaiva upesi na ngozi yake ni laini, ndiyo mazuri kuliko yote kwa chakula baridi. Wakati wa mvua kubwa nyanya zinaharibika shambani, zinakuwa ghali na zimejaa madoa. Siku hizo msihangaike nazo. Tumieni avoka zikiwa nyingi, shu, na matunda. Wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, mashamba ya juu yanakauka, lakini wakulima wanashuka mabondeni penye unyevu na kulima mboga huko: karoti, shu, vitunguu, beteravi, nyanya. Huu ndio wakati wa saladi. Ila kiangazi maji yanapungua pia, watu wanachota popote, na wauzaji wanarashia mboga maji ya mfereji ili zisikauke. Basi mboga inayong'aa kwa maji sokoni si lazima iwe safi. Mimi nachagua ile yenye udongo mkavu kuliko ile iliyorashiwa.

Kama una kipande kidogo nyuma ya nyumba, hata magunia mawili ya udongo, panda seleri, vitunguu vya majani na pilipili. Hivyo vitatu vinageuza chakula kabisa, na unajua ni maji gani yaliyovinywesha.

Maharagi baridi na avoka

Hiki ndicho chakula ninachokipenda zaidi, na ndicho nilichomwonyesha mama yule aliyecheka. Alikula sahani mbili.

Kwa watu sita, chukua vikombe 3 vya maharagi yaliyoiva kabisa. Yawe yametokota vizuri motoni, maana maharagi yasiyoiva yanaumiza tumbo. Yamwage maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kata kitunguu kimoja vipande vyembamba sana, kikande kwa chumvi kidogo, kiache dakika 10, kisha kisuuze kwa maji yaliyochemshwa na ukikamue. Kitunguu kilichofanywa hivi hakichomi tena, watoto wanakikubali. Watu wa pwani wanafanya vile vile na kachumbari yao. Changanya kitunguu na maharagi, tia maji ya ndimu 2, chumvi, seleri iliyokatwa ndogo, na uache vikae robo saa ili maharagi yanywe ule uchachu. Saladi nyingi hazina ladha kwa sababu mama anatia kila kitu dakika moja na kula dakika ile ile.

Nyanya 3 zikatwe mwisho, maana zikitiwa chumvi mapema zinatoa maji na chakula kinakuwa supu. Avoka 2 kubwa zikatwe mwisho wa mwisho, zichanganywe polepole. Ndimu inazizuia zisigeuke nyeusi. Pilipili iwekwe kando, kila mtu ajitilie.

Mafuta hayahitajiki, avoka ndiyo mafuta. Na hapa nitasema kitu kimoja juu ya mawese. Ni mafuta mazuri sana kwa macho ya watoto, lakini kwa baridi yetu ya Bukavu yanaganda juu ya chakula na kushika mdomoni. Yatumieni katika sufuria ya moto. Kwa saladi, avoka au karanga. Karoti bila mafuta yoyote inapita tumboni na vitamini A yake inapotea nyingi, kwa hiyo msimpe mtoto karoti kavu na kufikiri mmemaliza.

Maharagi yana madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Mwili unayapata kwa shida katika maharagi, lakini vitu vichachu kama ndimu na nyanya mbichi vinausaidia. Chai inaharibu kazi hiyo. Mama mwenye mimba anayekula maharagi na kunywa chai papo hapo anajinyima damu. Angojee saa moja hivi.

Shu na karanga

Shu iliyomwagiwa maji ya moto, karoti mbili zilizoparuzwa na kupitishwa pia katika maji yale, zikamuliwe vizuri kwa mikono safi. Maji yakibaki, mchuzi hautashika. Twanga karanga zilizokaangwa, vijiko 4 vya supu, changanya na maji ya ndimu moja, chumvi, na maji yaliyochemshwa kidogo kidogo mpaka iwe laini kama uji mzito. Mwagia juu. Karanga zenye ukungu, zilizonyauka, au zenye uchungu, zitupwe. Sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kukaanga, na inaharibu maini.

Saladi ya karamu

Siku za ndoa wamama wanapenda saladi ya viazi, karoti, beteravi na mayai, yote yakiwa na mayoneze. Ni nzuri kwa macho. Shida yangu ni mayoneze ya kutengeneza nyumbani, kwa sababu inafanywa kwa mayai mabichi, kisha inakaa juani chini ya hema tangu asubuhi mpaka maharusi wafike. Na maharusi wetu wanachelewa, mnajua wenyewe. Mikrobe hazichelewi.

Badala yake, ponda avoka 2 mpaka ziwe laini kabisa, tia ndimu, chumvi, kitunguu kilichotwangwa, na kiini cha yai lililochemshwa mpaka kuwa gumu. Rangi ni ya kijani, wengine watashangaa, halafu watauliza umefanyaje. Beteravi ichemshwe na ngozi yake na kipande cha shina, isije ikatoa rangi yote majini. Imenywe ikiiva, ikatwe, na iwekwe juu ya viazi mwishoni, la sivyo sahani yote itakuwa nyekundu. Na kesho mtoto akitoa mkojo mwekundu au choo chekundu, kumbukeni kwanza kama alikula beteravi. Mama mmoja alitujia mbio usiku, analia kwamba mtoto anatoa damu. Tulimchunguza mtoto, kisha tukauliza alikula nini. Yeye naye mwisho akacheka. Lakini kama hakula beteravi, njooni upesi.

Sambaza baridi

Sambaza hawakuzaliwa katika Kivu. Walitoka ziwa Tanganyika, wakatiwa katika ziwa letu mwaka 1959, na leo hakuna jikoni la Bukavu wasiojulikana. Wakaange mpaka wakauke na kulia mdomoni, pamoja na vichwa na mifupa, kwa sababu mifupa ile inajenga mifupa ya mtoto. Waache wapoe. Kata kitunguu kama tulivyosema, nyanya, pilipili kidogo, ndimu nyingi. Changanya wakati wa kula tu, au sambaza watalainika. Pamoja na viazi vilivyochemshwa, huu ni mlo mzima.

Kwa watoto wadogo

Mtoto asiyefika miezi 6 hali saladi wala kitu kingine, maziwa ya mama yanamtosha. Akifika miezi 6, avoka iliyopondwa kwa kijiko safi ni chakula kizuri cha kuanza nacho kando ya uji, na ndizi mbivu pia. Avoka ifunguliwe wakati ule ule, iliyobaki ailie mama. Majani mabichi, shu mbichi na karoti mbichi ngumu zingojee. Mtoto hana meno ya kuzitafuna, na kipande cha karoti kinaweza kumkaba. Karanga nzima pia zinakaba, mpeni zilizotwangwa. Mtoto mkubwa kidogo apewe maharagi na avoka hivyo hivyo kama wengine, bila pilipili, lakini kwanza ale bugali na maharagi yake. Saladi iwe kando.

Mama mwenye mimba asiogope matunda na mboga, anazihitaji kuliko wote. Ila ndiye wa kufuata kwa ukali zaidi habari ya kusugua majani na maji ya mwisho, kwa sababu udongo wenye mavi ya paka unaweza kuleta ugonjwa unaomfikia mtoto tumboni. Kama hana hakika, apitishe mboga katika maji ya moto.

Na mtu akianza kuhara maji meupe kama maji ya mchele, msingoje kesho. Mleteni sentri mara moja, na njiani mnyweshe: litre moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Saa ya kula na yanayobaki

Chakula baridi si chakula cha jana. Kikishatengenezwa kiliwe ndani ya saa mbili. Kama baba anarudi jioni, msimwekee saladi iliyochanganywa mchana. Mwekeeni maharagi peke yake, mtayapasha moto mpaka yatokote na kuyapoza tena, na avoka nzima ambayo haijafunguliwa. Itachukua dakika tano kuikata akiwa anavua viatu.

Kwa hiyo, kabla hamjatia ndimu na avoka, toeni kwanza sehemu ya wanaochelewa. Maharagi yaliyokwisha kuchanganywa na avoka hayarudi vizuri sufuriani, avoka ikipashwa moto inakuwa chungu. Kilichobaki katika sahani za watoto kipeni kuku.

Matunda nayo yafanyeni hivyo hivyo, wakati wa kula. Nanasi la Idjwi likiwa mbivu, likate vipande vidogo pamoja na ndizi na papai, kamua marakuja mbili juu yake badala ya sukari. Uchachu wa marakuja unazuia ndizi zisigeuke nyeusi. Wale wa kliniki ya Jumatano walete kila mmoja tunda moja na kijiko, mimi nitaleta beseni na maji yaliyochemshwa.